Shajara ya "Abiria": filamu fupi ya mbio na ngumi, mwanzo mpaka mwisho kwa macho ya staringi mwenyewe, hapa Mtwara

18 Mei 2025. Mwanzo, na kosa la kwanza

Wadau, mimi kazi yangu ni kupiga video za harusi na sendofu hapa Mtwara mjini, sasa nimechoka kupiga watu wanaolishana keki nikasema mwaka huu lazima nitoe filamu yangu fupi ya ekisheni, na isiwe ya kawaida, iwe ile ya kamera kuwa ndo macho ya staringi kuanzia fremu ya kwanza mpaka ya mwisho. Yaani mtazamaji uso wa staringi hauoni, anaona mikono yake tu na wanaokuja kumpiga. Naandika hapa kila tukimaliza hatua, pamoja na gharama, ili atakayetaka kuiga asichome hela palepale nilipochoma mimi.

Wazo lenyewe sio jipya. Robert Montgomery alishafanya Marekani mwaka 1947, Lady in the Lake, aliongoza mwenyewe na kuigiza mwenyewe, karibu filamu nzima kamera ndo macho yake na sura yake unaiona sana sana akipita kwenye kioo. Enzi hizo kamera ilikuwa dude zito, ikawa watu wanaongea mbele ya lenzi zaidi ya kukimbia. Kilichobadilisha mambo ni kamera kuwa ndogo kama kiberiti, ndo mwaka 2015 Mrusi Ilya Naishuller akatoka na Hardcore Henry, sehemu kubwa imepigwa kwa GoPro zilizofungwa usoni kwa watu, na huyo Henry hakuwa mtu mmoja, walikuwa wanapokezana. Hapo nikajiambia kumbe hata mimi naweza. Tuone.

Nimenunua kamera ndogo iliyotumika 380,000, helmeti nusu ya boda 20,000 na kitako cha gundi cha kubandika kamera 12,000. Jumla 412,000.

Nikabandika kwenye paji la uso, maana akili inakwambia macho yako juu basi kamera ikae juu. Tukaenda Shangani ufukweni, rafiki yangu mmoja tunamwita Mrefu akanirushia ngumi, nami nikamrudishia kama tano hivi tamu kabisa. Kurudi nyumbani kuangalia, mikono yangu haipo. Ngumi tano zote zimepita chini ya fremu, unamwona Mrefu anaanguka mwenyewe kama kapandisha mashetani. Halafu kwa sababu kamera iko juu ya paji, staringi anaonekana ana mita mbili na ushee, anamwangalia kila mtu utosini.

27 Mei. Kamera ya mdomoni

Mikono isipoonekana hakuna filamu, hilo nimelielewa. Nikasoma nikaona wengine wanaing'ata kamera kwa meno, nikanunua snorkeli (lile bomba la kupumulia majini) iliyotumika kwa jamaa mmoja wa Mikindani 25,000, nikakata kile kipande cha kung'ata, nikafunga kamera mbele yake. Picha ikawa nzuri mno, nisidanganye. Kamera iko usawa wa mdomo, mikono inaingia vizuri, ukigeuza shingo picha inageuka kibinadamu.

Ila jaribu kukimbia mita hamsini kwenye mchanga umeziba mdomo halafu uone. Pumzi zote zinapita puani, mate yanatiririka mpaka kwenye fulana, na taya siku ya pili nilishindwa kula mhogo wa kuchoma. Kilichonifanya niache sio hayo lakini, ni pale nilipojikwaa kwenye mzizi wa mkoko. Nilitua kwa mikono, ile kamera ikagusa chini kidogo tu na nikausikia mshtuko mpaka kwenye meno ya nyuma. Ningetua kwa uso ningekuwa kibogoyo sasa hivi. Kwa picha ya kukaa au kutembea itumie, kwa ekisheni usiitumie.

Jumla 437,000.

9 Juni. Kidevuni

Jibu lilikuwa barabarani muda wote. Wale wanaojirekodi wakiendesha pikipiki wanafunga kamera kwenye kidevu cha helmeti ya kuziba uso wote. Nikapata moja iliyotumika 45,000, kitako nikakihamishia kidevuni. Kamera inakuwa chini ya macho kama upana wa kiganja hivi, lakini mtazamaji hajui na wala hajali, mikono anaiona.

Shida ilikuwa mtetemo. Helmeti kubwa kuliko kichwa changu, kila hatua ya mbio inanigonga, picha inaruka hata ukiwasha kile kitulizo cha mtikisiko cha ndani ya kamera. Nikanunua kipande cha sponji ya godoro 3,000, nikakijaza mashavuni na kisogoni mpaka helmeti ikawa haivuki bila kuvutana. Hapo ikatulia. Ushauri: kama unaweza kutikisa kichwa na helmeti ikachelewa kufuata hata kidogo, bado, ongeza sponji.

Kingine tulichojifunza wiki hii ni ngumi zenyewe. Lenzi ni pana, kila kitu kinasogea mbali. Ngumi iliyopita sentimita tano kutoka puani kwangu inaonekana imepita kule kwa jirani. Na mikono yangu mwenyewe nikipigana kawaida inaonekana mifupi kama ya mtoto. Kwa hiyo ilibidi nipigane vibaya, viwiko juu, ngumi zimesogea karibu na kidevu, ukiniona kwa pembeni nafanana na bondia mwoga anayejificha nyuma ya glavu, lakini kwenye picha ndo inakaa sawa. Na ngumi ya adui isije usoni, ipite pembeni kabisa ya lenzi karibu iguse helmeti, halafu mimi nitupe kichwa baada yake, nikitangulia tu imeharibika. Mrefu tulirudia naye kama mara arobaini siku moja nyuma ya nyumba, majirani wakadhani tumegombana.

Jumla 485,000.

21 Juni. Kivuli

Hii ndo siku iliyobadilisha hadithi nzima kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Hadithi yangu ya kwanza staringi alikuwa kijana mvuvi, kichwa wazi, kanga kiunoni, anakimbizwa kutoka ufukweni kwa sababu ya begi aliloliokota. Tumepiga asubuhi nzima, mimi nakimbia, Mrefu na mwingine tunayemwita Dogo wananifukuza. Saa saba tunakaa chini ya mkorosho tunakula ming'oko tunaangalia klipu kwenye kamera, Dogo anauliza, "Broo, huyu mtu mwenye kichwa cha boga ni nani?"

Kivuli changu. Kila klipu. Kinakimbia mbele yangu mchangani, kichwa kikubwa kama boga na kidude kimechomoza kidevuni. Mvuvi gani huyo.

Ukipiga picha za kawaida kivuli cha mpiga picha kikiingia unasogea pembeni, mambo yameisha. Huku mpiga picha ndo staringi, anatakiwa awe na kivuli, tena kisipokuwepo ndo ajabu, sema kiwe kivuli chake yeye na sio cha helmeti. Na kwetu hapa tupo nyuzi kumi na kidogo kusini mwa ikweta, mwezi wa sita jua limeenda kaskazini mwisho wa safari yake, hata saa sita mchana kivuli hakikai miguuni, kinalala kuelekea kusini na kwa mtu wa kimo changu kinazidi mita moja. Nikikimbia kuelekea kusini kipo mbele yangu dakika zote.

Kwanza tukasema basi tupige tukielekea kaskazini tu. Tukajaribu nusu saa. Sasa fikiria mtu anayefukuzwa ambaye hawezi kukata kona kuelekea kusini. Tukasema tupige jioni jua likishazama, mwanga upo dakika chache tu na picha inajaa chengachenga. Mrefu akasema tufute kivuli kwenye kompyuta, nikamwangalia tu.

Usiku nimelala nawaza, nikasikia boda inapita nje. Aisee! Mtu pekee hapa mjini ambaye kivuli chake kina kichwa cha boga na hakuna anayeshangaa ni dereva wa bodaboda. Asubuhi mvuvi nimemfuta. Staringi sasa ni dereva boda, abiria wake kashuka kasahau begi, wenye begi wanalitaka. Filamu ikapata na jina hapohapo, "Abiria".

Na mambo mengine matatu yakajipanga yenyewe. La kwanza mikono: mimi nina kovu mkono wa kulia na Mrefu ana mikono mirefu myembamba, tusingeweza kupokezana kuvaa kamera, lakini madereva wengi kusi likianza kupuliza wanavaa jaketi na glavu, basi glavu jozi moja 8,000 na jaketi moja, yeyote anaweza kuwa staringi. La pili usukani wa pikipiki unakaa chini ya fremu, faida yake nitaisema mbele huko. La tatu vioo vya pembeni, kama Montgomery tu, nikapata pa kumwonesha staringi. Kioo kikinionesha mimi si kitaonesha na kamera? Tukakipinda kidogo, kikawa kinamwonesha Mrefu aliyechuchumaa pembeni yangu kavaa helmeti ya kuazima inayofanana na yangu na jaketi la rangi hiyohiyo. Inapita sekunde mbili, mpaka leo hakuna aliyegundua, sasa mmejua.

Jumla 493,000.

2 Julai. Memori kadi

Hapa nafupisha maana bado inaniuma. Nilinunua memori kadi imeandikwa GB 128 kwa 18,000. Tukapiga siku mbili, Chikongola, Majengo, mpaka njia ya kiwanja cha ndege. Kufungua kwenye laptopu, klipu za mwanzo zipo, zilizobaki jina lipo ndani hamna kitu. Kadi ilikuwa feki, uwezo wake wa kweli haukufika hata GB 16, ikijaa inaendelea kupokea na kutupa huku inakuchekea.

Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza kadi yote data halafu inaisoma tena kuona kama imehifadhi kweli. Inachukua muda, iache usiku. Kadi yoyote mpya ipitishe humo kabla hujaenda nayo kazini, mimi sasa hata za harusi napitisha. Nikanunua ya pili 55,000, hiyo ikafaulu. Mafuta ya siku mbili zilizopotea 22,000, chakula 30,000.

Jumla 618,000.

13 Julai. Sokoni

Hili ni kosa langu asilimia mia na nusura limuumize mtu.

Kwenye skripti Dogo, ambaye ni adui, anachomoa begi kwenye pikipiki na kukimbilia sokoni, mimi nashuka namkimbiza. Kibali cha Bodi ya Filamu tulikuwa nacho (hesabu yake sijaiweka humu), barua ya serikali ya mtaa pia tulikuwa nayo, kwa hiyo nikajiona nimekamilika. Sikuongea na wauzaji wenyewe. Nilitaka sura za watu ziwe za kweli, si unajua wasanii tulivyo. Na kwenye skripti, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika staringi apige kelele "Mwizi!"

Nikapiga kelele.

Hatua kumi hazikufika. Kuli mmoja mnene aliyekuwa amebeba gunia alilidondosha akamdaka Dogo kwa mkanda wa suruali kama anadaka kuku, Dogo akaenda nalo genge la nyanya la mama mmoja, nyanya chini, na watu wakaanza kuja, wale wa kuja bila kuuliza. Dogo anapiga kelele "tunaigiza! tunaigiza!", kila mwizi anasema kitu. Mimi nafika napiga kelele muacheni, sauti inabaki ndani ya helmeti, wao wanasikia mwenye mali analalamika. Nataka kuivua, kamba ya kidevu haifunguki na glavu, glavu ya kulia imelowa jasho haivuki. Nilihangaika na ile kamba labda sekunde kumi na tano, kamera inarekodi yote. Kofi la kwanza lilishampata Dogo.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja muuza samaki wakavu. Helmeti ilipotoka tu akanyoosha kidole, "Ah! Huyu si yule wa video? Alitupigia harusi ya binti yangu huyu!" Na kweli. Watu wakacheka, kuli akaachia mkanda, mama wa nyanya hakucheka. Nilimlipa 15,000 na nikamuomba radhi mara mbili, ya pili akaipokea. Soda za watu 12,000. Dogo siku tatu hakupokea simu yangu, nilimfuata kwao nikaongea na mama yake kwanza.

Tuliirudia wiki iliyofuata saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye uchochoro Magomeni, tumeongea na kila nyumba, watu wetu wawili wamesimama kila mwisho wa njia, na staringi sasa anasema "Oya, mzigo wangu!" Ile neno nyingine kwenye skripti zangu haiingii tena maisha yangu yote. Klipu ya sokoni ninayo, ni kali kuliko kitu chochote kwenye filamu hii, na siitumii, wale watu hawakuwa wanaigiza.

Na kamba ya kidevu nimeibadilisha, sasa ni kifungo cha kubonyeza kinachofunguka na glavu. Jumla 645,000 (kifungo alinipa fundi viatu bure).

26 Julai. Jua kali na miwani

Filamu nzima nataka ionekane kama haijakatwa, jicho halikati. Ujanja unaojulikana ni kumalizia klipu kwa kugeuza kichwa haraka, picha ifagie, halafu klipu inayofuata ianze na kichwa kinafagia upande uleule kwa kasi ileile, unaunganisha katikati ya ule ukungu. Zangu zikawa hazishiki, kila unganisho unaliona waziwazi kama kiraka cha suruali.

Sababu: ukungu wenyewe haupo. Hizi kamera tundu la mwanga halifungi wala halifunguki, jua likiwa kali kinachobaki ni shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) kukimbia, mchana wetu hapa inafika moja ya elfu tatu ya sekunde hivi. Kwa kasi hiyo hata ufagie vipi kila fremu inatoka kali kama picha ya pasipoti, na mbio zinaonekana za kukatikakatika. Dawa ni kuivalisha lenzi kioo cheusi.

Kwanza ubahili ukanituma nikanunua miwani ya jua 7,000, nikakata lenzi, nikabandika kwa gundi. Bahari ikawa ya kijani, Mrefu akawa wa kijani, na kila nikigeukia jua naona alama ya kidole changu imejaa skrini. Nikaagiza filta za ND za kweli (ndo hivyo vioo vyeusi vya kupunguza mwanga) kutoka Dar, 60,000 na 5,000 ya kifurushi cha basi. ND32 ilinifikisha karibu na moja ya mia ya sekunde, nikapiga fremu 30 kwa sekunde, mfagio ukatoa ukungu wake na viungo vikashika vizuri. Ila ukiingia kivulini au ndani ya nyumba itoe, usisahau kama mimi, maana shata ikishuka sana halafu kitulizo cha kamera kikiwa kimewashwa, picha imesimama lakini vitu vinatetemeka ndani ya ukungu wao, kama mtu anasoma gazeti kwenye trekta.

Jumla 717,000.

10 Agosti. Spidi 60 iliyolala, spidi 20 iliyoua

Siku ya mbio kubwa. Nilipanga tupige barabara ya kwenda Mikindani, kama kilomita kumi kutoka mjini, lami safi, bahari upande. Mrefu akaendesha na kamera mpaka 60. Tukaangalia, jamani, ni kama mtu anaenda kulipa maji. Barabara pana, miti mbali, anga kubwa, hakuna kinachopita karibu na jicho kwa hiyo jicho halijui kama linaenda.

Tukaingia Mikindani yenyewe, zile njia nyembamba za kuta za zamani, tukapita chini ya Boma la Kale lile walilojenga Wajerumani 1895, spidi 20, mahali pengine 15 na miguu iko tayari kugusa chini. Kwenye skrini unaona mauti. Ukuta unapita hatua moja kutoka kwenye usukani, ukuta ndo unatoa spidi. Kwa hiyo msijiue bure kwenye lami. Na kumbuka helmeti uliyoibandika madude sio ya kuitegemea ukianguka vibaya, ndo maana sisi juu ya 20 tulipiga mara ileile moja tu na hatujaitumia.

Watu wa pale tuliwaendea siku mbili kabla, watoto wakapewa kazi ya kuzuia mbuzi. Mbuzi mmoja alitushinda na yupo kwenye filamu, dakika ya tano, anatoa burudani kuliko Dogo.

Mafuta 26,000, chakula 35,000. Jumla 778,000.

30 Agosti. Sauti, na shangazi kugeuka ukutani

Sauti ya kamera yote nimeitupa. Kusi lilikuwa linapuliza miezi hii yote, ni gurugurugururu mwanzo mwisho. Nimetengeneza upya chumbani usiku. Ngumi ni kanga iliyolowa inapigwa ukutani pamoja na gunia la mchanga. Mfupa kuvunjika ni makopa ya mhogo, chukua kipande kikavu kabisa kivunje karibu na maiki, utashtuka mwenyewe. Pikipiki niliirekodi saa nane usiku pekee yake uwanjani, jirani mmoja akaja na tochi tukaelewana. Pumzi nimerekodi ndani ya helmeti nimejifunika blanketi, na hizo pumzi ndo zimemfanya staringi awe mtu, bila pumzi unaona kamera inaruka ruka tu.

Halafu nikaita watu kumi na wawili nyumbani waangalie, dakika kumi na moja, TV kubwa ya kuazima, soda 16,000. Dakika ya tatu shangazi yangu kageukia ukutani. "Mwanangu, kichwa kinazunguka, niambie tu wakimaliza." Dakika ya sita wamebaki saba wanaoangalia, mmoja yuko nje kashika mti. Macho yanamwambia mtu unakimbia, sikio la ndani linamwambia umekaa kwenye kochi, mwili unachanganyikiwa. Sisi tulioigiza hatukuona hilo kabisa kwa sababu miili yetu ilishajua kichwa kinaelekea wapi.

Nikarudi kuangalia dakika kwa dakika ni wapi waligeuka. Ile ya pikipiki hawakugeuka, hata kwenye zile kona za Mikindani! Usukani na zile glavu zimetulia chini ya fremu, jicho linapata pa kushika, kama vile ukiwa kwenye mtumbwi unaambiwa angalia mbali usiangalie maji. Waligeuka kwenye zile nilizokuwa nachungulia huku na huku haraka kwa miguu. Mtu wa kweli akichungulia, macho yanakimbia kichwa kinabaki, na ubongo unamfichia ule mtikisiko, ila kamera iliyofungwa kichwani haina macho ya kukimbia yenyewe. Kwa hiyo nimerudia sehemu nne, sheria ni moja: ukigeuza kichwa, kaa hapo pumzi tatu kabla ya kugeuza tena, na kimbia mikono ikiwa mbele ionekane. Nyingine nimekata. Zile kona za kuchungulia nyuma ya makreti nilizozipenda kuliko zote zimeondoka.

Jumla 794,000.

14 Septemba. Imeisha

Dakika nane na sekunde kumi na mbili. Bando la kuipandisha 10,000, jumla kuu 804,000 bila kibali na bila jasho. Laptopu yenye RAM ya GB 8 ilikuwa inaganda, ikabidi nitengeneze nakala nyepesi za klipu zote ndo niediti nazo, usiku mzima feni inapuliza laptopu mimi sina feni.

Mkitaka kuanza, chukueni helmeti ya kuziba uso, sponji, filta na kadi iliyopimwa, hivyo vinne, kwa bei nilizotaja hapo juu. Kofia nusu na mdudu wa snorkeli vipo kwangu, anayevitaka aje achukue bure.

Dogo amekubali kuja kwenye ya pili kwa sharti asiwe adui. Na jana nimemwekea shangazi tena, safari hii kafika mwisho, kakaa anawaza akaniuliza, "Huyu mwenye pikipiki mbona hamumwoneshi, ni nani?" Nikamwambia ni mimi huyo shangazi, sehemu nyingi ni mimi. Akasema ndo maana, alikuwa anaona huyu mtu mbona anatembea kama wewe ukiwa umebanwa na haja.